Sala za mwandishi asiyejiamini: kisa cha Flannery O'Connor akiwa Iowa

Mwaka 1945 msichana wa miaka 20 kutoka Georgia, kusini mwa Marekani, aliingia ofisini kwa Paul Engle, mkuu wa warsha ya waandishi katika Chuo Kikuu cha Iowa. Akasema lililomleta, na Engle hakuambulia neno. Akamwomba arudie. Akarudia, bado. Lafudhi ya kwao ilikuwa nzito mno kwa sikio la mtu wa Iowa. Engle alisimulia baadaye kwamba aliona aibu, akamsogezea karatasi amwandikie. Msichana akaandika kwamba jina lake ni Flannery O'Connor, kwamba yeye si mwandishi wa habari, na je, anaweza kujiunga na warsha ya waandishi?

Alikuwa amekuja Iowa kwa ufadhili wa kusomea uandishi wa habari, na haikuchukua muda akajua kwamba hapo si pake. Engle alipozisoma hadithi zake, akampokea. Lakini kupokewa hakukumfungua mdomo. Darasani alikaa nyuma, kimya, katikati ya wanafunzi ambao wengi wao walikuwa wanaume waliotoka vitani, na hadithi zake zikasomwa kwa sauti na Engle mwenyewe.

Leo anahesabiwa miongoni mwa mabingwa wa hadithi fupi wa karne ya 20. Juu ya ubingwa huo yameandikwa mengi. Mimi nataka kukaa kwenye kipindi kifupi cha ujana wake, kabla jina lake halijajulikana, kwa sababu ni nadra kupata kisa cha namna hii kikiwa bado kibichi. Ushuhuda tunaousikia makanisani karibu wote hutolewa na aliyekwisha kuvuka mto: niliogopa, nikaomba, nikajibiwa, leo mnaniona. Anayesikiliza akiwa bado katikati ya maji hapati pa kushika. O'Connor mashaka yake aliyaandika kwa mkono wake siku zilezile yalipokuwa yakimtafuna, wala hakujua kama angevuka.

Daftari

Kuanzia Januari 1946 hadi Septemba 1947 aliandika sala zake katika daftari la kawaida la shule. Kurasa za mwanzo zimepotea, kwa hiyo daftari linaanza katikati ya sentensi. Lilibaki miongoni mwa karatasi zake mpaka rafiki yake, W. A. Sessions, alipolikuta, na likachapishwa mwaka 2013, miaka 49 baada ya kifo chake. Ni barua fupi fupi kwa Mungu, nyingine zina tarehe, nyingine hazina, na aliyeziandika hakuwa na msomaji mwingine akilini.

Alikuwa Mkatoliki tangu kuzaliwa, mtoto wa pekee wa familia yenye asili ya Ireland, katika eneo ambalo karibu kila jirani alikuwa Mbaptisti au wa madhehebu mengine ya Kiprotestanti. Baba yake alifariki mwaka 1941 kwa ugonjwa wa lupasi, binti akiwa na miaka 15. Huko Iowa, mbali na mama yake kwa mara ya kwanza, alikuwa akienda Misa karibu kila siku katika kanisa la Mtakatifu Maria. Kwa hiyo tunayemsoma hapa hakuwa mtu aliyeikumbuka dini siku ya shida. Dini alikuwa nayo. Kilichomsumbua, na alikisema waziwazi, ni kwamba sala za kimapokeo alizozikariri maisha yake yote alikuwa akizisema tu bila kuzihisi. Hakutaka kuziacha. Alitaka kuongeza maneno yake mwenyewe juu yake.

Katika moja ya sala za mwanzo alimwambia Mungu kwamba hawezi kumpenda jinsi anavyotaka, kwamba anamwona kama hilali nyembamba, na kwamba kivuli kinachouziba mwezi uliobaki ni nafsi yake yeye mwenyewe. Naomba msomaji asiipite sala hii haraka, maana yote yaliyofuata yamejengwa juu yake. Asiyejiamini kwa kawaida huombewa ajiamini: mwambieni ana kipaji, mpeni moyo. O'Connor aliliona tatizo kwa jicho jingine. Nafsi iliyokuwa ikimwambia kwamba hafai ndiyo nafsi ileile iliyokuwa ikimnong'oneza, siku nyingine, kwamba yeye ni mwandishi mkubwa. Mashaka na majivuno ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanamfanya mtu akae akijitazama, na akijitazama hawezi kuiona kazi. Ndiyo maana hakuomba aongezewe nafsi. Aliomba asaidiwe kuisukuma pembeni.

Alichokiogopa

Hofu yake kubwa ilikuwa kuwa mtu wa wastani. Aliandika kwamba hilo ni neno gumu mtu kujibandika, na hata hivyo anajiona analingana nalo kabisa. Waandishi na wasanii wanaosoma hapa wanaijua hofu hiyo. Ukiwa mbaya kabisa unaacha, unatafuta kazi nyingine, unalala usingizi. Wastani ndio unaomtesa mtu, kwa sababu humwachia tumaini la kutosha kuendelea na ushahidi wa kutosha kujidharau, kila siku.

Hofu ya pili ilikuwa ya imani yenyewe. Alikuwa chuoni, akisikiliza watu wenye akili kali wakieleza dini kwa lugha ya saikolojia, kana kwamba Mungu ni kitu kilichobuniwa na waoga. Alimwomba Mungu wazi: naogopa kuipoteza imani yangu, akili yangu si imara, ni rahisi kunaswa na kila utapeli wa kisomi. Wakati huohuo hakuacha kusoma. Alimsoma mwandishi Franz Kafka na kuandika kwamba anaihisi shida yake ya kuipata neema. Hapa namheshimu sana. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba kuilinda imani ni kufunga vitabu. Yeye aliendelea kufungua vitabu, na hofu iliyotokana na vitabu hivyo akaipeleka palepale alipopeleka kila kitu kingine.

Ya tatu inahusu nia. Alitaka kufanikiwa. Hakusema kwamba anaandika tu kwa utukufu wa Mungu na mengine hayamhusu. Aliandika kwamba anataka sana kufanikiwa duniani kwa kazi hii anayoitaka kuifanya. Kuna sala moja ambayo kila nikiisoma inanifurahisha: aliomba misingi ya Kikristo ipenye maandishi yake, na papo hapo akaomba yawepo maandishi ya kutosha, yaliyochapishwa, ili misingi hiyo ipate pa kupenya. Tangu lini mtu anakwenda mbele za Mungu na mahitaji ya mchapishaji? Lakini huo ndio ukweli wa moyo wake. Nimewaona watunzi wa kwaya, wachoraji na washairi wengi wenye imani wakijifunga kwenye fundo hili: wanaona aibu kuomba kazi yao ifanikiwe, wanaita aibu hiyo unyenyekevu, na kwa kuwa hawawezi kuliomba jambo, hatimaye hawalifanyii kazi pia. O'Connor aliiweka tamaa yake mezani pamoja na dhambi zake. Mungu akitaka kuikata, aikate ikiwa inaonekana.

Kazi ni ya nani

Katikati ya daftari mna sala ambayo naiona ndiyo kiini cha kisa chote. Anasema kwamba ikitokea siku moja akawa mwandishi mzuri, haitakuwa kwa sababu yeye ni mwandishi mzuri, itakuwa ni kwa sababu Mungu amemhesabia baadhi ya mambo ambayo Mungu mwenyewe alimwandikia kwa hisani yake. Kisha anaongeza kwamba kwa sasa inaonekana hiyo siyo sera ya Mungu, kwani hawezi kuandika chochote. Lakini ataendelea kujaribu, hilo ndilo jambo lenyewe. Na kila atakapokauka, atakumbushwa ni nani anayeifanya kazi inapofanyika, na ni nani ambaye wakati huo haifanyi.

Mahali pengine anaomba asidhani kamwe kwamba alikuwa kitu zaidi ya chombo cha hadithi ya Mungu, kama taipureta ilivyokuwa chombo chake yeye. Hilo aliliandika baada ya kumaliza hadithi moja iliyomtoka vizuri, akishukuru. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema hivyo siku ya ukavu na kusema hivyo siku ya baraka. Siku ya ukavu ni rahisi kusema kazi ni ya Mungu, maana hakuna kazi ya kugombania. Yeye alilisema pia siku aliyokuwa na kurasa mkononi.

Wapo watakaosema: ikiwa kazi ni ya Mungu, basi mwandishi akae asubiri. Tunao waandishi wengi wa namna hiyo, wanasubiri ufunuo mpaka wanazeeka. Zaburi ya 127 inasema Bwana asipoijenga nyumba, waijengao wafanya kazi bure. Haisemi waijengao wabaki majumbani mwao. Mafundi wapo eneo la kazi, wanachanganya udongo, wanapima kuta, na kitu pekee walichoondolewa ni ule mzigo wa kuwa wao ndio chanzo cha nyumba. O'Connor aliuelewa mpaka huo mapema. Kwa sababu kipaji si mali yake, swali la kama anacho cha kutosha si lake kulijibu. Lake ni kuwapo.

Na aliomba kuwapo kwa namna ya kushangaza. Alimwomba Mungu ampe mahali fulani, hata pawe padogo namna gani, ila apajue na apashike. Kama yeye ni wa kuosha kipandio cha pili cha ngazi kila siku, basi ajulishwe hivyo, akioshe, na moyo wake ufurike upendo akikiosha. Hofu ya kuwa wa wastani imekwenda wapi hapo? Haijaondoka. Ila imepewa ndoo na kitambaa.

Siku ya mwisho

Msomaji anayetarajia daftari limalizike kwa ushindi atashangaa. Sala ya mwisho ni ya tarehe 26 Septemba 1947. Anaandika kwamba leo amejithibitisha kuwa mlafi, wa biskuti za oti na wa mawazo ya tamaa, na kwamba hakuna lililobaki la kusema juu yake. Basi. Daftari linaishia hapo.

Sasa tazameni kilichokuwa kikitokea nje ya daftari. Katika majira ya joto ya mwaka 1946 jarida la Accent lilichapisha hadithi yake ya kwanza. Mwaka 1947 alimaliza shahada ya uzamili, tasnifu yake ikiwa mkusanyiko wa hadithi fupi. Mwaka huohuo mwanzo wa riwaya yake ulimpatia tuzo ya dola 750 kutoka kwa mchapishaji Rinehart, ambaye kwa tuzo hiyo alijipatia pia haki ya kuutazama mswada wote kabla ya wengine. Kwa mwanafunzi wa wakati ule hizo hazikuwa hela ndogo, na kwa mwandishi asiye na jina lilikuwa jambo kubwa zaidi ya hela. Yote hayo yalitangulia siku ya biskuti. Hadithi ilichapishwa, shahada ilipatikana, tuzo ilikuja, na mwenye tuzo bado alijiona hana la kusemwa.

Nalisisitiza hili kwa vijana wanaoamini kwamba wakichapishwa mara moja tu, ile sauti ya ndani itanyamaza. Kwa O'Connor haikunyamazishwa na uchapishaji, na tuzo haikuitibu. Na bado riwaya ilikuwa ikiandikwa, asubuhi baada ya asubuhi, na mtu huyuhuyu.

Barua ya Februari 1949

Hapa kisa kinageuka, na ndiyo sehemu iliyonifanya nikiandike. Mwaka 1948 O'Connor alikwenda Yaddo, makao ya wasanii katika jimbo la New York, kuendelea na riwaya. Sura alizokwisha kuzimaliza zilimfikia John Selby, mhariri wa Rinehart. Selby akajibu kwa namna iliyoonyesha kwamba anaiona riwaya hiyo ya ajabu mno na anataka kumsaidia mwandishi kuinyoosha ifanane na riwaya nyingine. O'Connor alikuwa na miaka 23. Hakuwa na kitabu hata kimoja. Mkataba wa maana aliokuwa na tumaini nao ulikuwa mikononi mwa mtu huyo.

Februari 1949 akamwandikia kwamba haandiki riwaya ya kawaida, na kwamba ubora wa riwaya hiyo utatokana hasahasa na upekee, au upweke, wa uzoefu ambao anaandika kutokana nao. Alisema yuko tayari kusikiliza ukosoaji, lakini ndani ya mipaka ya kile anachojaribu kukifanya. Kukubali kunyooshwa kwa jumla jumla, hapana. Walipoachana, Rinehart walimwita mwenye shingo ngumu, asiyeshirikiana, tena asiye mwaminifu. Neno hilo la mwisho lilimuumiza. Riwaya, Wise Blood, ilitoka Mei 1952 kwa mchapishaji mwingine, Harcourt, Brace, chini ya mhariri Robert Giroux.

Je, huyu ndiye aliyeandika miaka miwili nyuma kwamba yeye na wastani ni sawasawa? Ndiye. Wengine watasema alikuwa amekomaa, amejiamini. Sioni hivyo. Barua zake za miaka iliyofuata zimejaa mashaka juu yake mwenyewe, juu ya uvivu wake, juu ya kama hadithi inayofuata itakuja. Kilichokuwa imara ni kitu kingine kabisa. Mashaka yake yalihusu nafsi yake. Uthabiti wake ulihusu kazi. Mtu anaweza kujiona si kitu na papo hapo akajua, bila kuyumba, kwamba sentensi hii haiondoki hapa. Tena nadhani anaweza zaidi, kwa sababu haitetei heshima yake. Mtunza ghala anaweza kuwa mtu wa haya kuliko wote mtaani, lakini mwombe funguo za mali ya tajiri wake uone.

Uthibitisho kwamba haukuwa ukaidi tu unatoka kwa Caroline Gordon, mwandishi aliyemzidi umri kwa takriban miaka 30, naye Mkatoliki. Mwaka 1951 Gordon aliusoma mswada wa Wise Blood akaurudisha na kurasa za maelekezo ya kifundi: hapa msimulizi anaongea kwa lugha ya mhusika, hapa mandhari haionekani, hapa umekimbia. O'Connor akakaa akaufanyia kazi upya. Alimpelekea Gordon kazi zake mpaka mwaka aliofariki. Tuiweke vizuri tofauti hii. Selby alitaka kitabu kiwe kingine, akakataliwa. Gordon alitaka kitabu hikihiki kiwe bora, akasikilizwa miaka 13, hata alipotoa hukumu kali. Anayejua anakifanya kitu gani anaweza kuwatofautisha wawili hao. Asiyejua atawakubali wote au atawakataa wote.

Saa mbili kila siku

Mwezi Desemba 1950, akisafiri kwa treni kurudi nyumbani kwa Krismasi, aliugua vibaya. Awali ilidhaniwa ni baridi yabisi. Ilikuwa lupasi, ugonjwa uleule uliomuua baba yake, ambapo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe. Mama yake alimficha jina la ugonjwa. Alilijua mwaka 1952 kutoka kwa rafiki yake Sally Fitzgerald. Akahamia na mama yake Andalusia, shamba la ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya mji wa Milledgeville, akapewa chumba cha chini kwa kuwa ngazi zilikuwa zimemshinda, na tangu mwaka 1955 akatembea kwa magongo. Hapo aliishi mpaka kifo chake, akifuga tausi na kuandika.

Utaratibu wake wa kazi ameueleza mwenyewe katika barua kwa mwandishi mwenzake mwaka 1957. Anasema anaamini kabisa katika mazoea ya kuandika, hata kama yanaonekana kitu cha kawaida mno. Mwenye kipawa cha ajabu huenda akaweza bila hayo, ila wengi wetu tuna kipaji tu, na kipaji kisiposaidiwa na mazoea ya mwili na ya akili hukauka kikapeperuka. Yeye aliandika saa mbili tu kwa siku, kwa sababu ndizo nguvu alizokuwa nazo, lakini hakuruhusu kitu chochote kiziingilie, saa ileile, mahali palepale. Usiku kabla ya kulala alimsoma Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa Kikatoliki, kwa dakika ishirini hivi.

Zile sala za Iowa zimekuwa ratiba. Sioni mapumziko ya ghafla ya moyo, sioni siku ambayo hofu ilitoka nje ya mlango. Naona saa mbili ambazo hofu iliruhusiwa kukaa chumbani lakini haikuruhusiwa kuondoa kiti. Mwaka 1964, akiwa hospitalini Atlanta, alizificha hadithi ambazo hazijakamilika chini ya mto, akihofia daktari angemkataza kuzigusa. Alifariki tarehe 3 Agosti mwaka huo, ana miaka 39, ameacha riwaya mbili na hadithi 31 ambazo zilipokusanywa pamoja zilipata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 1972.

Asichokiona

Siwezi kumwandikia msomaji Mwafrika kisa hiki nikaacha jambo moja. Barua binafsi za O'Connor zina maneno ya dharau juu ya watu weusi, ya namna iliyokuwa kawaida kwa Wazungu wa Georgia ya wakati wake, na mengine yalivuka hata kawaida. Baadhi ya hadithi zake zinaufichua ubaguzi wa Wazungu wenzake kwa ukali ambao wachache waliuthubutu, na hilo pia ni kweli. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Loyola Maryland kiliondoa jina lake kwenye bweni na kulipa bweni hilo jina la Sista Thea Bowman, mtawa Mmarekani mweusi.

Naliona kama sehemu ya kisa chenyewe. Huyu ni mtu aliyejichunguza kila siku, akajishtaki kwa uvivu, kwa ulafi, kwa majivuno, kwa baridi ya moyo. Dhambi hii hakuishika kwa mkono uleule. Kujitilia mashaka sana hakumaanishi kwamba mtu anajitilia mashaka pale panapostahili. Kuna unyenyekevu unaochimba shimo moja tu, tena kwa bidii, huku nyoka yuko upande wa pili wa shamba.

Kwetu

Si kila kitu hapa kinachukulika. O'Connor alikuwa na ufadhili wa chuo, baadaye chumba chake, meza, na mama aliyeendesha shamba ili binti aandike asubuhi. Dada anayetunga nyimbo za kwaya huku akiuza vitenge, anayerudi nyumbani saa mbili usiku na watoto wanamsubiri, hawezi kuambiwa tu atafute saa mbili zisizoguswa. Kwake nusu saa ya alfajiri ni mali. Lakini iwe nusu saa ileile, mahali palepale.

Kinachochukulika moja kwa moja ni ile sala ya wazi. Katika Mathayo 25 yule mtumwa aliyezika talanta yake alitoa sababu yake: aliogopa. Hakuwa mwizi wala mlevi. Naona wengi wakiihubiri aya hiyo kama onyo dhidi ya uvivu, na hofu inapitwa. Laiti yule mtu angemwambia bwana wake tangu siku ya kwanza kwamba anamwogopa na anaiogopa biashara, mazungumzo yangeanza. O'Connor aliyaanza mazungumzo hayo katika daftari la shule, kwa maneno ambayo mengine hayapendezi kusomwa kanisani.

Na kuna suala la msomaji, ambalo nadhani ndilo pengo letu kubwa. Kijana mwenye kipaji katika parokia zetu na misikiti yetu hupata wa kumsifu, na akigusa jambo nyeti hupata wa kumkataza. Wa kukaa na mswada wake, kalamu mkononi, akamwonyesha kwamba ubeti wa tatu umepoteza mizani na ubeti wa mwisho umeongezwa tu ili upendeze, huyo ni nadra. Bila mtu wa namna ya Caroline Gordon, kijana anabaki peke yake na sauti yake ya ndani, ambayo siku moja inamwambia yeye ni Shaaban Robert na siku ya pili inamwambia achane karatasi. Watu wa kuifanya kazi hiyo hawako mbali. Walimu wa Kiswahili waliostaafu wapo karibu kila mtaa, wanajua vina na mizani, wanajua hadithi inapolegea, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwagongea mlango akiwa na karatasi mkononi.